Damu Iliyokataa Kila Mtu

Mama,

Nimepita makaburini leo. Nikatoa salamu pale ukutani kama ulivyonifundisha, kisha nikakaza mwendo, karibu nikimbie. Kwani mtu humkimbia mamake? Nimerudi nyumbani nimeona haya, nimeketi kwenye kitanda chako, nakuandikia yale yaliyonishinda kule.

Mama, naogopa.

Ile rangi imerudi. Mkojo wangu umekuwa kama chai ya rangi iliyolala. Wako unaukumbuka? Mwalimu alikuandikia kombe, zile aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, tukaziosha kwa marashi ukanywa. Kesho yake ukaniita unionyeshe ile rangi, tukacheka. "Zafarani hiyo yatoka, na ugonjwa watoka nayo." Hata macho yako yalipogeuka manjano tulisema zafarani. Sasa mimi sijanywa kombe, Mama. Sijagusa zafarani hata ya pilau.

Nilianza kushtuka kwenye harusi, Bondeni. Siku hizi maharusi wananigombania! Mimi yule niliyejifundisha kuchora maua ya piko kwa kutazama simu, nikiharibu magoti yangu mwenyewe, nawe ukiniuliza nani ataoa goti. Basi ile kutoka tu nikasikia kama unapaza sauti juu ya ngazi, "We Salma, usichelewe!" Nikafika, nikashika mkono wa bibi harusi. Ua la pili tu, mkono ukaanza kutetemeka, moyo unanigonga kama nimepanda ngazi mbio na ndoo ya maji. Bibi harusi akanitazama. "Kwani waolewa wewe ama mimi?" Wenzake wakapiga vigelegele. Nami nikacheka. Kisha nikaenda msalani, nikaona, kicheko kikanikaukia mdomoni.

Unanijua nikishika jambo. Nilisoma mpaka simu ikachemka. Kumbe mwili una askari wake, kingamwili, kazi yao kupigana na maradhi. Wakati mwingine wanapotewa na akili, wanazigandia chembe nyekundu za damu ya mwenyewe, nazo zinavunjwa. Ndiyo ile rangi. Nikaenda hospitali, nikamwaga yote kabla daktari hajanambia kaa: mamangu, macho, mkojo, kila kitu. Hakunicheka. Akanivuta kope la chini, akatazama, akaandika kipimo.

Ndicho kile kile, Mama. Kwako walikitaja asubuhi. Alasiri tulikuwa tunatafuta sanda.

Maabarani yuko kijana wa bara, jina lake Mutua. Nilimganda kwa maswali mpaka akasema, "Dada, nikikuachia dakika moja utavaa koti langu." Lakini akanieleza. Anaziosha chembe kwa maji ya chumvi, anarudia tena na tena, ibaki ile kingamwili iliyoganda juu yake tu, kama ipo. Kisha anatia tone la dawa inayoikamata hiyo kingamwili na kuziunganisha chembe, anazungusha mrija kwenye mashine, anautikisa polepole. Kama huna kitu, damu inatawanyika kama moshi. Kama unacho, inashikana vidonge vidonge.

Akauinua mrija wangu dirishani nione. Mama, tui! Tui lililokatika! Nilisikia sauti yako jikoni, "Koroga wewe, usiliache, litakatika!" Nikakaa chini, pale pale sakafuni.

Nikiwa chini hapo ndipo nikauliza lile lililotukaa kooni nyumba nzima. Mbona ulipotafutiwa damu ya kutiwa, zote zilikukataa? Mutua akasema, hao askari hawachagui. Wanazigandia chembe zako na za mtu yeyote. Ukipimwa na damu ya nani, itaonekana haipatani.

Ya nani, Mama. Yeyote!

Halati Nuru wakumbuka alikuja na mkono tayari kutolewa damu, na nyinyi hamsemezani tangu mlipogombana kwa ile posa. Waliporudi kusema yake haipatani, dada yako alishika ukuta. "Hata damu yake yanikataa. Hajaniwia radhi." Na ya Mjomba ilikataa, na ya watu tusiowajua, lakini hao hakuna aliyewajali kwa sababu hamkugombana. Toka tukuzike hajakanyaga ngazi zetu. Hata siku ya kukusomea hitima alileta sahani ya halua akaiacha kwa jirani.

Nikamfuata nyumbani kwake, mtaa wa Mbaraki. Nikamweleza, naropoka, tui, moshi, askari, mpaka akanishika mdomo.

"Kwa hivyo hakunikataa?"

"Hakukataa mtu, Halati. Hata damu yake mwenyewe ilikuwa inapigwa."

Alilia, Mama, na buibui usoni, na mimi nikalia, chai ikachemka ikamwagika jikoni hakuna aliyeinuka. Kesho yake alinitangulia hospitali. Mutua akamwambia, mama, yako pia huenda isipatane na ya binti. Halati ameshakunja mkono. "Na ikatae. Wewe toa."

Kwa sasa hawajanitia damu. Nimeanzishiwa vidonge vya kuwatuliza hao askari, na nikizidiwa watatafuta damu itakayonidhuru kidogo kuliko nyingine. Daktari asema si lazima niwe nimerithi kwako, wala wewe usijilaumu huko uliko. Asema wengi hupata nafuu. Wengi. Nililisikia hilo neno. Kila asubuhi naingia msalani nimefumba macho, nahesabu pumzi, ndipo nafumbua. Leo ile rangi ilikuwa nyeupe kidogo. Ama ni mwanga wa dirisha, sijui. Nimemwita Halati aje atazame, akaja mbio na mwiko mkononi.

Yuko jikoni sasa. Analikoroga tui haliachi.

Mwie radhi, Mama, kama hujamwia. Mungu alipanue kaburi lako, alitie nuru. Nakutamani mpaka mbavu zauma, lakini usinisimamie juu ya ngazi. Maisha yako yote uliniomba nisichelewe, nami sikukusikia hata siku moja. Na safari hii pia sitakusikia. Nakuahidi, nikijaaliwa, nitachelewa sana.

Mwanao,
Salma