Kombe la Tano

Jumatatu, 5 Machi 2007

Basi limechelewa tena. Kutoka chuoni Oud Metha hadi uwanja wetu wa Al Quoz si mbali, lakini foleni ya Dubai haijui mbali wala karibu. Vijana wameshuka jua linazama. Mazoezi ya kuparuza tu. Lori la maji halikuja kumwagia uwanja, kwa hiyo tumekula mchanga. Nakohoa mpaka sasa.

Vikombe vinne mfululizo vimepangwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi ya chuo. Wageni hupigia picha hapo. Wanadhani tuna nyasi, daktari na chumba cha mazoezi. Tuna mchanga nyuma ya ghala la matairi, na mimi.

Nimechoka. Naandika hivyo kila mwaka msimu ukifika mwisho. Safari hii nimechoka kabla ya nusu fainali.

Alhamisi, 8 Machi

Kocha wa chuo kingine ameniuliza siri yetu leo. Nikacheka tu. Siri gani?

Hapa Dubai hakuna anayekaa. Kijana akimaliza masomo, visa ya mwanafunzi inakatwa, anapanda ndege. Kila Juni sehemu kubwa ya timu inayeyuka. Unaanza upya kama vile hujawahi kushinda chochote. Ndiyo maana nilianzisha desturi yetu. Kila mchezaji wa mwaka wa mwisho anapewa mdogo wa namba yake, wa mwaka wa kwanza, amfundishe. Na kwenye nusu fainali, ikifika mapumziko, wakubwa wote wanavua viatu na kukaa benchi. Tuwe tunaongoza, tuwe tunafungwa, ni hivyo hivyo. Wadogo wanamaliza mechi. Kama ni kutetemeka, watetemeke siku hiyo, wakubwa wao wakiwa bado wapo. Fainali wakubwa wanarudi kuchukua kombe lao na kwaheri. Mwaka unaofuata wadogo si wageni tena.

Mara mbili nusura itutoe mashindanoni. Roho ilikuwa juu. Sikubadili neno.

Mwaka huu wakubwa ni wanne. Nahodha Salum ndiye kichwa chao, kiungo, mtoto wa Wazanzibari wa zamani wa hapa. Mdogo wake ni Kato, Mganda. Miguu ya dhahabu, moyo wa kuku. Salum hamfundishi chochote. Anamtuma maji.

Nimemkemea. Akasema, "Haya, Kocha." Haya yake naijua. Haina kitu ndani.

Ijumaa, 16 Machi

Kanisani asubuhi. Miaka tisa na bado Ijumaa haijanikaa kuwa Jumapili. Kwaya imeimba vizuri. Nimesinzia wakati wa mahubiri, dada wa kiti cha nyuma akanigusa bega.

Halafu simu ya nyumbani. Mama Brenda mzima. Mvua imeanza Kitale. Ng'ombe mwekundu amezaa.

Mkataba wangu unaisha Juni. Nilimwambia nitarudi baada ya kombe la pili. Kisha nikamwambia la tatu. Tatizo ni kwamba ukishinda unaletewa mkataba mwingine, na nani anashuka ngazi akiwa juu? Zamani aliuliza nitakuja lini. Siku hizi haulizi. Anatoa habari za ng'ombe, kadi ya simu inakwisha. Kutouliza kwake kunaniuma kuliko maswali.

Nimemwambia: la tano hili, nalileta mwenyewe tuliweke juu ya televisheni. Akasema, "Sawa, Baba Brenda." Kwa sauti ile ya kumjibu mchuuzi mlangoni.

Jumanne, 27 Machi

Nimeitwa ofisini kwa Madam, mkuu wa mambo ya wanafunzi. AC kali mpaka meno yanagongana. Arbab, mwenye chuo, atakuja kutazama nusu fainali. Bango la kutafuta wanafunzi wapya tayari liko kwa mchapaji. Limeandikwa "mabingwa mara tano". Mara tano! Kombe lenyewe hata hatujaliona.

Na kuna mtu amempelekea habari za desturi yetu. Madam amesema mwaka huu hataki mchezo, wakubwa wacheze mpaka filimbi. "Khalas, Coach?" Yaani imekwisha hiyo. Nikajibu, "Yes, Madam."

Nilitoka na hasira ya kuvunja mlango. Nikaufunga polepole.

Tuchukulie nilisema yes ya kuondokea tu. Jumamosi nitafanya ninavyojua. Nimejiapia.

Jumamosi, 31 Machi

Tumeshinda moja bila. Tuko fainali. Sina furaha hata ya kujaza stempu.

Ilipofika mapumziko tulikuwa tunaongoza. Wakubwa walikaa chini. Hakuna aliyevua kiatu. Watatu walimtazama Salum, Salum akanitazama mimi. Upande wa pili Arbab ameketi chini ya mwavuli na kanzu yake nyeupe, Madam pembeni yake akipunga karatasi kama feni. Kato alikuwa ameshafunga kamba za viatu, anarukaruka mahali pamoja, macho yamemtoka.

Nikasema, "Endeleeni hivyo hivyo."

Kato akaketi. Akafungua kamba moja, akaifunga tena.

Mechi karibu inakwisha, Salum akamvuta mtu jezi katikati ya uwanja. Hapakuwa na hatari yoyote. Alikuwa hoi tu, miguu imegoma. Kadi ya njano ya pili, nyekundu, nje. Fainali hachezi.

Ningemtoa mapumziko angekuwa benchi anakunywa maji. Si Madam. Si Arbab. Mdomo uliosema endeleeni ni wangu. Niliogopa. Miaka yote hii sikuogopa, leo nimeogopa mwavuli.

Jumapili, 1 Aprili

Mazoezi nimefuta. Sikutaka kumwona mtu. Nimefua soksi.

Alhamisi, 5 Aprili

Salum amekuja chumbani kwangu Al Quoz jioni. Hajawahi kufika huku. Alisimama mlangoni akitazama vitanda vya kupandana na nguo zetu kwenye kamba kama mtu aliyepotea njia. Mama yake kanitumia mkate wa kumimina kwenye kitambaa.

Nilidhani amekuja kuomba radhi. Kumbe amekuja kunisomea mashtaka.

"Kocha, mie Kato sikumfundisha kwa sababu nakuona wewe. Kila mwaka wasema huu ndio wa mwisho. Haya, nani ulomuonesha kazi yako? Hakuna. Basi nikajua hata mwenyewe huiamini hiyo desturi."

Nilimfukuza. Kweli kabisa, nilimwambia yalla, toka. Mwenzangu wa chumba, askari wa usiku kwenye hoteli moja ya Marina, aliamka akadhani tunaibiwa.

Kisha nikakaa nikala mkate wote peke yangu. Mtamu, una iliki. Hasira haikuzuia.

Jumanne, 10 Aprili

Sijui nani alimwambia Salum, mimi sikumwambia. Lakini tangu Jumamosi Salum anabaki na Kato uwanjani baada ya mazoezi. Anamwonyesha wapi pa kusimama mpira ukiwa kwa beki. Anamshika mabega, anamgeuza. Anamtania mpaka anacheka. Leo Kato kapiga kelele uwanjani kwa mara ya kwanza, akamwambia beki wetu asogee. Beki akasogea. Wote wawili walishangaa.

Basi la chuo lilitaka kuondoka. Nikamwambia dereva angoje kidogo. Nikakaa ngazini nikiwatazama, na hapo ndipo nikaliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya pua yangu muda wote. Salum haondoki. Visa yake ni ya baba yake. Kazaliwa hapa, kwao ni hapa, akimaliza atatafuta kazi hapa hapa. Kati ya vijana wote niliowafundisha, mmoja tu Juni haimbebi, nami nilikuwa namhesabu kwenye waendao.

Nimeona aibu. Wivu pia, kidogo. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 14 Aprili

Tumefungwa.

Uwanja wa nyasi wa kukodi kule Marina, kreni zimetuzunguka pande zote. Vijana walishika nyasi kwa mikono kabla ya mechi kama watoto. Joto. Sauti yangu ilikuwa imekwisha tangu jana, kifua cha mchanga. Kipindi cha kwanza tumefungwa moja, krosi ya kijinga, beki amelala.

Kipindi cha pili nikasimama kuelekeza. Sauti ikatoka kama ya jogoo mgonjwa. Nikapunga mikono. Vijana wakawa wanatazama, lakini si mimi. Wanatazama juu ya kichwa changu. Nikageuka. Salum yuko nyuma ya kamba na watazamaji, mwenye adhabu haruhusiwi benchi. Hapigi kelele. Ananyoosha kidole, anafunga ngumi, anafungua. Wanamwelewa.

Ningeweza kumkataza. Nilifikiria. Nikakaa.

Kato alisawazisha. Alipokea mpira palepale alipofundishwa kusimama, akageuka, akapiga chini. Nililia, naandika tu, hakuna aliyeona. Ikaenda mikwaju ya penalti, na mkubwa wetu mmoja, si Kato, akapeleka wake kwa majirani. Wenzetu wakabeba kombe. Arbab aliondoka kabla halijakabidhiwa.

Basi lilirudi kimya. Mtu mmoja akaanza kuimba wimbo wa kwao Uganda, wengine wakaitikia vibaya vibaya. Sikuwazuia.

Jumatatu, 16 Aprili

Nimeitwa na Madam. Nilivaa shati la kanisani. Nilijua unga umemwagika, nikasema angalau nimwagike nao nikiwa nadhifu.

Pembeni ya meza yake, bunda la mabango ya mara tano, limegeuzwa uso ukutani.

Hakunifukuza. Kinyume chake. Mkataba mpya, miaka miwili. Nyasi, inshallah. Rudisha kombe, Coach, hivyo tu. Akanisogezea kalamu.

Ndiyo balaa lenyewe. Miaka yote nilijiambia ugumu ni kuondoka ukiwa mshindi. Uongo. Ugumu ni huu wa kuondoka ukiwa umefungwa, watu wakisema alichoka, alizeeka, mwaka mmoja tu kateleza akakimbia. Mkono wangu uliishika kalamu. Nilitaka kusaini. Nilitaka sana. Niliona kabisa Kato mwaka ujao, na kombe, na mimi chini ya kombe.

Nikaomba nipewe mpaka Jumatano.

Jumatano, 18 Aprili

Nimekataa.

Madam alifikiri nataka nyongeza. Nikamwambia nataka kwenda nyumbani. Nikamtajia Salum ashike nafasi yangu. Akasema huyo ni mwanafunzi. Nikasema Juni si mwanafunzi tena, na hahitaji visa yenu. Hapo akasikiliza vizuri. Visa ndiyo lugha tunayoelewana sote hapa. Nikamwambia pia nusu fainali nilikosea kumsikiliza yeye. Lilitoka lenyewe. Akanitazama, akasema, "Thank you, Coach," nikatoka.

Salum nilimpata kantini. Nilimwambia kwa kifupi. Akaacha kula. Akasema, "Mie?" Nikasema, ulitaka kujua nani nimemwonyesha kazi. Hajaonyeshwa bado. Njoo kesho mapema kabla ya wenzako, nikuonyeshe mambo ya basi na lori la maji. Mpira unaujua.

Nikampigia Mama Brenda. Nikamwambia hakuna kombe la kuweka juu ya televisheni. Nikadhani laini imekatika.

"Lini?" akauliza.

Nikamwambia Mei, mwisho wa mwezi. Akaniuliza mara tatu. Mara tatu nikamjibu.

Jumatano, 23 Mei

Ndege ni kesho kutwa. Visa imekatwa, sanduku limefungwa, godoro nimempa mwenzangu wa chumba.

Jioni nilikwenda uwanjani, si kazini, kupita tu. Lori la maji lilikuwa limekuja. Mchanga umelala, una harufu ya mvua ya uongo. Nilikaa kwenye tofali kando ya ghala.

Salum ameigeuza desturi. Nilimsikia akiwaeleza. Mwaka ujao nusu fainali wadogo ndio wataanza, wakubwa wamalizie. Anasema mdogo akianza na sifuri hana cha kupoteza. Kisha akamrudisha Kato nyuma, acheze beki. Kato! Miguu ile, beki! Niliinuka. Mdomo ulishafunguka.

Kato akapokea mpira nyuma, akatazama, akaukosea. Ukatoka nje. Salum akapiga makofi, akamwambia tena.

Niliketi. Walicheza mpaka giza likaingia, wengine wakanipungia mkono, nami nikawapungia.