Nyenje Wakinyamaza

Jumatatu, 1 Septemba

Nimetoa nyenje waliokufa. Nimelowesha pamba ya maji, maana nikiwawekea maji kwa kifuniko wanazama, wajinga hawa. Nimewapa sukumawiki kidogo, chakula cha kuku kidogo. Nyumba inanuka, lakini ni harufu ya kazi yangu. Mama Wambui, mwenye ploti ninayopanga, amegonga ukuta tena. Ati nyenje wangu wanamkosesha usingizi. Ati hata akiwa kanisani anawasikia. Nimeomba msamaha, wa mdomoni tu. Mteja wangu, mama wa Lavington anayelisha mijusi yake nyenje, anataka wengine wiki ijayo. Hiyo mijusi inakula kunishinda.

Jumatano, 3 Septemba

Trei zimeoza. Nyenje wanajificha kwa vishimo vya trei za mayai, na zikikosekana wanarundikana na kuanza kulana. Imebidi niende soko la Toi, kwa mzee wa mayai, yeye hunipa zilizoraruka.

Sikutaka kwenda. Toi iko mlangoni pa Kibera, na Kibera ndiko aliko Odhis. Mume wangu. Nilitoka kwake Raila, kijiji cha huko Kibera, na begi moja na jino limevunjika, na alishaniambia nikitoroka atanitafuta hadi anipate, na akinipata sitatoroka tena. Odhis hatishi watu bure.

Nilijifunga leso hadi kwa nyusi. Mzee akanijua tu. Akaniuliza siku hizi nakaa wapi, na trei zote hizi ni za nini. Nikamwambia. Gatina, nafuga nyenje. Hivyo tu, kama mtu anayesalimia. Huyo mzee anauzia Kibera nzima mayai, na Odhis ni mteja wake. Mdomo uliponza kichwa. Nimejuta kabla sijafika steji.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimewahamisha kwa trei mpya. Hushiki nyenje kwa mguu, utabaki na mguu. Unapeleka trei juu ya beseni tupu, unaigonga mara moja, wanaanguka wote. Kingo za beseni nimezipaka Vaseline wasipande. Madume, wale waimbaji, nimewaweka nyuma ya mlango. Hao wana tabia moja. Wakisikia miguu wananyamaza. Mtu wa koridoo akishapita, wanaendelea.

Jioni wamenyamaza. Nikangoja mtu apite. Hakupita. Hakubisha pia. Chai ikapoa mkononi, ndio mmoja akaanza, halafu wote.

Labda ni paka.

Jumamosi, 6 Septemba

Si paka. Jioni tena, kimya kile kile. Nimelala chini kifudifudi nikachungulia chini ya mlango. Viatu. Viatu viwili vya mwanamume, vimesimama tu.

Mtu mwenye nia nzuri hubisha. Naogopa.

Jumapili, 7 Septemba

Asubuhi nimefagia mlangoni. Maganda ya njugu. Odhis hawezi kusimama mahali bila kutafuna njugu, nilifagia maganda yake miaka yote ya ndoa. Nimeyaokota kwa mkono moja moja, sijui kwa nini.

Mama Wambui ametoka kanisani na hasira zake. Nyenje watoke kabla ya wiki kuisha, ama nitoke nao. Nilitaka kumwambia kuhusu Odhis. Sikumwambia. Mpangaji mwenye shida huonyeshwa geti. Na nikiwatoa nyenje, nani ataniambia kuna mtu mlangoni?

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda kuripoti polisi. Askari wa zamu ameniuliza kama Odhis amenipiga tena. Nimesema bado. Akasema nirudi akishanipiga.

Mayai ya nyenje yameanza kuanguliwa, kwa sufuria ya mchanga. Vitoto vidogo kama chawa. Nimevitazama nikalia. Siku nyingine ningefurahi.

Jioni wamenyamaza tena. Safari hii kitasa kilizungushwa, polepole.

Alhamisi, 11 Septemba

Lazima niandike.

Nilienda bombani giza likiingia. Ni hapo tu katikati ya ploti, kwa hivyo mlango niliurudisha bila kufuli. Foleni ikawa ndefu. Niliporudi na mtungi, ndani kulikuwa kimya. Sikushtuka. Si huwa wananyamaza hata kwa miguu yangu?

Alikuwa ndani. Amekaa kitandani kwangu, gizani, anatafuna njugu. Alinikaribisha kwangu. Halafu akaurudisha mlango na kupiga mabeseni teke, moja, lingine, nyenje wakaniruka usoni, ukutani, kila mahali. Akanishika shingo. Nikajaribu kupiga nduru, haikutoka. Hakuna nyenje hata mmoja aliyelia. Nilijua nakufa. Nilikuwa nafikiria mtungi, kwamba maji yamemwagika.

Mlango ukafunguliwa. Mama Wambui, na bakuli la githeri. Alikuwa amesikia kimya upande wa pili wa ukuta tangu nitoke, akadhani hatimaye nimewatoa wadudu. Alikuja kunishukuru. Alianza kabisa, "Akinyi, asante mwana—" halafu akaona.

Ile githeri ilikuwa imetoka jikoni sasa hivi, mahindi na maharagwe yanayochemka. Aliimwaga yote usoni mwa Odhis, na bakuli akafuatisha. Halafu akapiga kelele ya mwizi. Milango yote ya ploti ikafunguka.

Odhis alitoka mbio. Hawakumshika.

Jumamosi, 13 Septemba

Shingo inauma nikimeza. Nimemwambia mama wa Lavington hakuna nyenje, atafute kwingine.

Nyenje wako ploti nzima sasa. Kwa mabati, chini ya bomba, hadi nyumbani kwa Mama Wambui, nyuma ya kabati ya vyombo. Wapangaji walitaka kupuliza dawa. Mama Wambui amesema atakayepuliza ahame. Mimi ameniletea kufuli mpya na kipande cha nduma. Nimemwambia kila kitu. Alisikiliza akimenya viazi.

Odhis hajulikani aliko.

Jioni nimekaa kitandani na mchi mapajani. Nyenje wa geti wakanyamaza. Halafu wale wa bomba. Halafu wa mlango wa kwanza, wa pili, kimya kinakuja na koridoo kuelekea kwangu. Nikasimama.

Kikaishia kwa Mama Wambui. Nikasikia mlango wake, na sauti ya Kamau, kijana wake, akiulizia chakula.

Wa geti wakaanza. Wa bomba wakaitikia. Wangu, mmoja aliyebaki nyuma ya mlango, alichelewa kidogo. Nilimngoja hadi akaanza, ndipo nikakaa chini.