Kioo Ulichokisifu Kabla ya Kukiona

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Usikanyage pekupeku pale chini ya meza, kuna vipande.

Asubuhi nimefungua boksi la kile kioo cha taa ya marehemu mama yako, tulichoagiza mtandaoni. Nimekitafuta kila mji niliopita. Wamekifunga kwa gazeti tupu, kimekuwa unga. Nimempigia muuzaji, akanicheka: "Mzee, si binti yako alituandikia jana kwamba kimefika kizima?"

Wewe ulikionea wapi, na boksi lilikuwa bado na gundi yake? Nimekata simu kwa aibu, kwa ajili yako.

~~Sirudi leo.~~ Nitarudi jioni. Mpigie muuzaji. Usimwambie mzee amekasirika. Mwambie tu kwamba hukufungua.

Baba yako