Mwezi wa Tari Umelala

Korbesa, 8 Ramadhani

Kwa Aabo, baba yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumaini saumu haijawachosha huko Isiolo na goti la mama limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila joto la huku halina huruma, na mtandao huja na kuondoka unavyotaka. Ndiyo maana nimempa dereva wako Abdirahman barua hii arudi nayo na lori lako. Mwambie asiikalie kama alivyoikalia ile nyingine.

Aabo, kuna jambo limenitatiza na hapa sina wa kumuuliza. Unajua nimepewa kufundisha gredi ya tatu, na somo ninalolipenda kuliko yote ni sanaa. Kila msimu una kazi yake. Mvua ikinyesha tunafinyanga udongo, kiangazi tunasuka kamba, na sasa tunakata miezi na nyota za kupamba darasa kwa ajili ya Idd. Mkuu wetu, Mwalimu Gichunge, anataka ukuta upendeze maana wageni wa ofisi ya elimu watapita kabla ya Idd.

Basi nikawapa watoto makatoni ya biskuti na makasi, kila mtu akate mwezi mwandamo. Wakakata vizuri ajabu. Lakini walipobandika, darasa zima likaulaza mwezi chali, pembe juu, kama bakuli. Nikadhani wananifanyia mzaha. Nikafungua kitabu nikawaonyesha mwezi uliosimama wima, kisha nikapita nikiigeuza mmoja mmoja. Aliyepinga ni Tari peke yake.

Tari ndiye yule msichana wa miaka minane niliyekusimulia habari zake, ambaye mama yake hakutaka kumwachisha kuchunga mbuzi. Alianza kuja shule kwa sababu ya sanaa tu. "Mwalimu, mwezi haukai hivyo," akasema. Nikamwambia kitabu kinasema unakaa hivyo. Akaubandua mwezi wake, akaufutika ndani ya sare, akatoka. Hajarudi mpaka leo.

Sasa nakuuliza, na usinicheke: mwezi ukiandama huwa umesimama au umelala? Jioni ya kuandama kwa Ramadhani mimi nilikuwa ndani nikisikiliza redio. Jana nilitoka kuutazama, nikakuta umeshanenepa, hauna pembe tena. Nimechanganyikiwa, Aabo. Na mtoto yule nikimpoteza kwa sababu ya katoni, sitajisamehe.

Mwanao,
Saadia


Isiolo, 12 Ramadhani

Binti yangu Saadia,

Waaleikum salaam. Sisi ni wazima. Goti la mama yako linauma akiwa na kazi na linapona akiwa na wageni. Ameniambia nikuulize kama unakula vizuri wakati wa daku.

Barua yako imenichekesha mpaka mama yako akasema nitakosa thawabu. Yaani umesoma chuo chote kile, halafu watoto wa gredi ya tatu wanakubabaisha? Mwezi umesimama! Nyuma ya lori langu nimeuchora umesimama, nyota tumboni mwake, na kutoka hapa mpaka Merti hakuna mtu amewahi kulalamika. Juu ya mnara wa msikiti umesimama. Mpwa wako Hanad ametafuta kwa simu, picha zote zimesimama. Mtoto amekasirika tu, hasira zitaisha. Na ukiona kukata makatoni kumekushinda, duka la saruji na mabati bado halina mtu wa kukaa. Hilo nimelisema tangu mwanzo.

Nilikuwa nimeshaifunga barua, nimeifungua tena. Jana baada ya tarawehe niliwauliza wenzangu swali lako ili tucheke pamoja. Hatukucheka. Mzee Robow aliapa kwamba mwezi mchanga hulala, wengine wakamwambia macho yake yamezeeka, ikawa kelele mpaka imamu akaja kuuliza kuna nini. Kisha mtu mmoja akauliza nani kati yetu aliuona mwezi wa Ramadhani hii kwa macho yake. Wote tuliusikia redioni. Hata huyo Robow.

Bado nasema umesimama. Lakini sikulala vizuri.

Aabo wako,
Warsame


Korbesa, 17 Ramadhani

Aabo mpendwa,

Asalaam aleikum. Mwambie mama ninakula, jirani yangu ananiletea maziwa ya ngamia kila jioni. Goti lake alipake mafuta, asilifanyie ukaidi.

Nimekwenda kwao Tari. Mama yake, Racho, alinikaribisha vizuri, akanitandikia mkeka, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Nilidhani ataniambia mtoto ni mgonjwa, au mbuzi wamekosa mchungaji. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sijamkataza. Yeye ndiye amekataa. Anasema wewe unafundisha uongo, na yeye amefunga."

Nikauliza amefunga vipi na bado ni mdogo. "Anafunga mpaka adhuhuri," Racho akasema, "lakini amefunga. Nyanya yake alimwambia kusema uongo kunaharibu saumu. Sasa anaogopa akija shule atasema uongo na wewe."

Aabo, hebu fikiria. Nikimwambia kitabu ni sawa, labda ninamdanganya mtoto aliyefunga. Nikimwambia kitabu kimekosea, na mimi sijauona huo mwezi, labda huo nao ni uongo. Tari mwenyewe alikuwa nyuma ya zizi, akichungulia. Nilipomwita akaingia ndani.

Darasani miezi yote imesimama kama askari. Watoto hawaitazami. Siku ya sanaa niliwaambia wachore wanachotaka, wakanijibu watangoja nichore mimi kwanza ili wajue kilicho sawa. Hapo nililia, Aabo. Niliwapa kisogo nikajifanya ninafuta ubao.

Duka usilitaje tena, tafadhali. Nitafutie jibu.

Mwanao,
Saadia


Isiolo, 27 Ramadhani

Saadia mwanangu,

Waaleikum salaam. Sote hatujambo. Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ni ile uliyonipa.

Sikutaka tena kusikia habari za mtu yeyote. Leo baada ya daku nilimwamsha Hanad, tukapanda juu ya paa la duka, mama yako chini anatuita wendawazimu. Kabla ya mapambazuko, mashariki, nikauona mwezi. Mwembamba, wenye pembe. Na umelala, Saadia. Pembe juu kabisa.

Nilitaka kukuandikia hapo hapo kwamba Tari alisema kweli. Lakini Hanad akaniambia, "Babu, huu ni mwezi mzee, unakwisha. Labda umelala kwa sababu umechoka. Ule mchanga labda husimama." Nikamfokea, kisha nikaona sina hakika kwamba ni upuzi. Mimi nimeswali chini ya mbingu hii umri wangu wote, na sijui. Jambo hili linaniudhi kuliko bei ya dizeli.

Fanya hivi. Siku ya kuandama, zima redio, utoke nje. Mimi nitafanya vivyo hivyo huku.

Aabo wako,
Warsame


Korbesa, Idd Mosi

Aabo mpendwa,

Idd mubarak kwako, kwa mama na kwa Hanad. Leo nimewakumbuka sana, hasa pilau ya mama.

Jana jioni nilikwenda kwao Tari kabla ya magharibi. Walikuwa wote nje, wanatazama kule jua linakozama. Tari alikuwa upande wa pili wa mama yake, hakunisalimu. Tukangoja. Kisha Racho akanyoosha mkono: "Ule pale."

Umelala, Aabo. Umeinama kidogo upande mmoja, kama mtu aliyeegemea mto, lakini umelala. Wewe pia uliuona, najua.

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nikapiga magoti nikamwambia Tari kwamba nilikosea. Akaniuliza, "Ulikuwa unadanganya?" Nikamwambia hapana, nilikuwa sijawahi kuutazama. Alinikazia macho, naona jibu hilo lilimshangaza kuliko uongo wenyewe.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akarudi upande wa pili wa mama yake. Racho naye alisema hatamlazimisha, mtoto ataamua mwenyewe baada ya Idd. Miezi yote darasani niliilaza mara nilipopata barua yako, na ilikuwa imelala wageni wa ofisi ya elimu walipofika kabla ya Idd. Mwalimu Gichunge alinong'ona kwamba watadhani gundi imeyeyuka. Lakini ukutani kuna nafasi moja tupu, na sijui kama itajazwa.

Mwanao,
Saadia


Isiolo, 5 Shawwal

Binti yangu,

Idd njema. Mama yako amekutumia halua, ukikuta imepungua muulize Abdirahman.

Niliuona. Tuliuona mtaa mzima, na Mzee Robow hatupi nafasi ya kupumua tangu jioni ile. Nimelipeleka lori kwa Kaimenyi, mchoraji wetu, nikamwambia aulaze mwezi. Alikataa. Alisema watu watadhani ni pembe za ng'ombe, nitaharibu jina lake. Tulibishana mpaka nikamwambia nitauchora mwenyewe, ndipo akashika brashi.

Lori litafika huko wiki ijayo. Kama Tari atakuwa amerudi, mwonyeshe nyuma yake. Kama hajarudi, Abdirahman atapita nalo polepole mbele ya kwao. Dukani nimemweka Hanad. Wewe kaa huko.

Aabo wako,
Warsame


Korbesa, 10 Shawwal

Aabo mpendwa,

Asalaam aleikum. Halua ilikuwa nusu, na Abdirahman anaapa ilitoka hivyo Isiolo.

Lori limefika saa ya mapumziko. Watoto wote walilikimbilia. Tari alikwenda wa mwisho, akasimama nyuma yake mikono kiunoni, akatazama kwa muda mrefu. Akasema mwezi uko sawa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha akanyoosha kidole. "Lakini nyota imeingiaje hapo ndani? Hapo si patupu. Ni mwezi huo huo, sehemu yake iliyojificha gizani."

Abdirahman akakuna kichwa. Mwalimu Gichunge akatoka ofisini, akatazama, akarudi ofisini. Mimi sijui, Aabo. Nimewaambia gredi ya tatu kwamba sijui, na kwamba mwezi mwingine ukiandama tutatoka wote kutazama.

Tari aliyasema hayo akiwa amevaa sare. Mwezi wake wa katoni ameurudisha ukutani mwenyewe, umelala. Mwambie Kaimenyi asifunge kopo la rangi.

Mwanao,
Saadia