Radhamés kapanga kikosi kanisani

Shoga yangu Kenia, shika simu! Ndo tumetoka kanisani kwenye ubatizo, na Yubelkis hataki hata kumtazama mumewe Radhamés.

Si walikubaliana mtoto aitwe Julián, jina la marehemu babu yake? Padri akauliza, "Mtoto anaitwa nani?" Radhamés akajikohoza: "Fausto Bienvenido Eligio."

Fausto Bienvenido Eligio!! Mrushaji, mdakaji na mpigaji wa Nyuki wa Baní, wale mabingwa wa besiboli wa zamani!

Yubelkis akang'aka, "We mwanaume, unabatiza mtoto au unapanga kikosi?"

Akamgeukia padri amwokoe. Padri kakunja uso, anamwambia Radhamés, "Mwanangu, huyo Eligio simtii maji. Alituacha karibu na fainali, akaenda kuchezea mahasimu."

ALITUACHA! Padri kasema alituacha!

Radhamés naye: "Padri, goti lilikuwa bovu, Nyuki walimtupa wenyewe!" Wakabishana palepale, mtoto analia, mimi nimejiziba mdomo na shali.

Yubelkis akaukamata mkono wa padri, akauchovya majini, akaubandika kwenye kichwa cha mtoto. "Julián. Haya, sema!"

Padri akasema Julián, haraka sana. Nadhani hajawahi kumtii hata askofu wake hivyo.