Mjomba na Kura ya Kuridhia

We, acha unachofanya usome! Mjomba amempasua mdomo mwenyekiti wa chama chao. Mjomba huyuhuyu anayemwomba paka radhi kabla ya kumpita!

Leo mafundi wa kiwanda cha mbao waliitwa ukumbini. Mwenyekiti keshasaini mkataba na tajiri: fundi akiumia kazini, ajitibu mwenyewe. Akawaambia, "Imebaki kuratifai tu, yaani mthibitishe rasmi. Msiporidhia, mkataba haupo. Lakini mtaridhia, nawajua."

Wao hupiga kura kwa kunyoosha mkono wa kulia. Waliokubali na waliokataa wakalingana, akabaki mjomba. Anakataa. Akanyoosha kigutu chake, kwa sababu kiganja kilichukuliwa na msumeno wa hapohapo kiwandani.

Mwenyekiti akacheka. "Mkono uko wapi hapo, mzee? Mimi sihesabu mikono ya shati."

Sihesabu mikono ya shati! Mbele ya watu wote!

Mjomba akamtwanga kwa kigutu hichohicho. Jino chini, viti vikaruka, damu hadi kwenye kipaza sauti.

Akamwinamia pale sakafuni. "Huu je, umeuhesabu?"

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Mkataba umekufa.