Ulimi wa Ngombe ya Pili

Bunia, mutaa wa Mudzipela
Siku ya Mungu, kisha misa

Papa mupenzi,

Nakuamkia weye na Mama, na wote wanaokula ku meza yenu leo. Mugongo wako unaendelea namna gani? Kama bado unabeba miguu ya ngombe weye mwenyewe mpaka ku soko, acha, Papa, lipa mutu abebe. Na Mama, macho yake yanaona vizuri sasa? Kitenge yake ilinifikia, naivaa kila siku ya Mungu.

Mimi mwili iko muzima. Bunia imetulia. Watu wanarudia kulima mu vijiji vyao, lakini magodoro wanayaacha kwanza mu muji. Amani ya hapa iko vile.

Ulisikia ku simu kama walinifukuza kazi. Hawakunifukuza. Nitakuelezea yote, ila ukimusomea Mama hii barua, fasi ya katikati uiruke.

Weye ndiye ulinifundisha kushika kisu, kwa hiyo kazi yangu unaielewa kuliko watu wengi. Ku abatuari, fasi ya kuchinjia ngombe, naangalia nyama mbele itoke kwenda ku soko. Napasua maini kutafuta vile vidudu vya kufanana na majani. Nakata mashavu na moyo, napapasa ulimi, kutafuta punje nyeupe za kama mupunga. Ile punje ni tegu changa. Mutu akikula nyama yake bila kuiva, inakomaa mu tumbo yake. Na ngombe anaipata kwa mutu, akikula majani fasi watu wanajisaidia. Hapa miaka yote ya vita watu walikaa mu kambi bila vyoo vya kutosha, na ngombe zao zilikula majani kando kando ya kambi. Kwa hiyo punje naziona sana.

Kuko vijiji viwili ku njia ya Bambu, kimoja juu ya kilima, kingine chini. Wakati wa vita walichinjana, kisha wote wakakimbilia kambi moja. Sasa wazee wao walipatana wakule pamoja: kila kijiji kilete ngombe moja, nyama zichanganywe mu sufuria moja. Wale wa chini hawakukuwa tena na ngombe, isipokuwa Muzee Zakaria. Bibi yake na watoto wake wawili aliwazika mu kambi. Ngombe yake aliivuta na kamba wakati wa kukimbia, akaivuta tena wakati wa kurudia. Walipomuomba aitoe, alisema tu, "Kama damu ya huyu inaweza kumaliza ile ingine, muchukue."

Ngombe zote mbili zilichinjwa kwetu asubui, kusudi servisi yetu ya mifugo ipige muhuri. Wajumbe wa pande zote walikuja, wakasimama wanaangalia. Shefu wangu, Dokta Anselme, alichukua ngombe ya watu wa juu. Simu yake ilikuwa inalia. Alipitisha mukono ku mbavu, akapiga muhuri, akatoka kujibu. Mimi nikachukua ya Muzee Zakaria.

Nilikata shavu. Papa, zilijaa. Nikakata moyo, nikapapasa ulimi: kila fasi punje. Sheria ya kazi yetu inasema ngombe ya namna ile inachomwa yote.

Dokta Anselme alinivuta pembeni. "Kahindo, hii nyama itachemka masaa matatu. Punje zitakufa zote. Piga muhuri."

"Sheria haisemi vile, Dokta."

"Sheria haikai ku kile kilima. Piga muhuri."

Ningeweza kunyamaza na kuiondoa polepole, tukasema nyama imechelewa. Lakini nilikuwa na kiburi cha diplome yangu. Nilirudia mbele ya wajumbe, nikasema na sauti kubwa, "Hii ngombe ni mubaya. Hakuna mutu ataikula."

Mujumbe mumoja wa juu aliuliza, "Iko na sumu?"

"Hapana. Iko na vidudu."

"Na nani aliviweka?"

Nilianza kueleza tegu, kambi, vyoo, nikichanganya na Kifaransa. Mbele nimalize, yeye alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki yake. Nilimwaga petroli ku ile nyama, ikachomwa mu shimo, na Muzee Zakaria amesimama pale na kamba mukononi. Harufu ilikuwa tamu. Kulikuwa watu wenye njaa pale, wakanitukana. Mimi nilijiona mutu wa haki.

Wale wa juu walipanda na nyama yao, wakaikula peke yao. Hakuna aliyeugua. Basi wakasema: munaona, yetu ilikuwa safi, wale wa chini walituletea sumu.

Siku ile ile, muchana, Mama Jolie, ule anayeuzisha vichwa vya ngombe ku mulango wa abatuari, aliniita. "Mudogo yangu, kuja uguse hii ulimi. Kisu inagonga vitu."

Kilikuwa kichwa cha ngombe ya watu wa juu. Nilipapasa ulimi. Punje. Nilipasua shavu. Punje, pengine kupita za ngombe ya Muzee Zakaria. Ngombe zote mbili zilikula majani ya kambi moja, Papa, uchafu wa watu wa pande zote.

Nilipeleka ulimi kwa Dokta. Aliuangalia, akafunga mulango. "Ule muhuri ni wangu. Unataka waseme tulikula rushwa? Unataka wakuje kutukata siye? Nyamaza. Itapoa."

Nilinyamaza. Sitakudanganya kusema alinilazimisha. Niliogopa. Nilitia ulimi mu chupa ya formoli, ile dawa ya kuzuia nyama kuoza, nikaificha nyuma ya vitabu, nikarudia nyumbani kupika sombe.

Siku mbili kisha, vijana wa juu walishuka. Walimukuta Muzee Zakaria anapalilia mihogo. Walimuuliza ni mukono gani uliotia sumu. Alisema, hakuna. Wakachagua wa kuume, na panga walitumia ile yake mwenyewe.

Habari iliponifikia, nilichukua chupa, nikaenda ku parokia, fasi wazee wa vijiji vyote viwili walikuwa wanakutana. Niliiweka ku meza, nikasema yote, na jina ya Dokta, na jina yangu. Muzee wa kijiji cha juu alivaa miwani, akaigeuza ile chupa mara mingi.

"Ulijua siku gani?"

"Siku ile ile."

"Kisha?"

"Niliificha." Ule muzee mwenyewe ndiye alienda kuwatoa wale vijana, mumoja ni mujukuu wake, akawapeleka kwa polisi. Vita haikurudia. Kuko watu wanasema ni sababu ya ile chupa. Dokta bado iko ku kiti yake. Mimi walininyanganya muhuri, wananituma mbali, Gety, kuchanja ngombe. Ndiyo ile ulisikia.

Jana nilienda kumuona Muzee Zakaria ku hospitali. Nilimubebea ugali na samaki. Alikuwa amekaa ku kitanda, mukono umefungwa na bandeji, umeishia juu kidogo ya fasi ya kuvalia saa.

"Weye ndiye ulileta chupa mbele ya wazee?"

"Ndiyo, Muzee."

"Ile ulimi ya mu chupa uliiona siku ile ile ya ngombe yangu?"

"Siku ile ile. Muchana."

Aliangalia ile bandeji. "Ile siku, muchana, nilikuwa na mikono mbili."

Hakuweza kufungua sahani, nikaifungua. Hakuweza kutoa miiba na mukono moja, nikamulisha. Alikula yote bila kuniangalia. Alipomaliza, nilimwambia nitarudia mbele niende Gety. Alisema, "Hapana. Tuma mutu mwingine."

Nilimutuma Mama Jolie. Leo asubui Muzee alimupokea vizuri, na walicheka hata.

Papa, salimia Mama. Salimia dada yangu mukubwa, mwalimu, na wanafunzi wake wote. Salimia baba mudogo mwenye kushona, na nyanya wa nyumba ya nyuma. Shangazi wa maombi mumwambie asitoe ushuhuda juu yangu mu kanisa, hata akisikia watu wa Bunia wananisifu. Aombee tu mutu mumoja, anaitwa Zakaria.

Natoka na gari ya kesho, Mungu akipenda.

Mimi binti yako,
Kahindo